Mwanafunzi, Mwalimu na Mji wa Mawe: Uchunguzi wa Habari za Kale katika Songo Mnara na Nchi ya Kilwa

I. Makusudi ya makala haya

Makusudi ya makala haya ni kueleza namna wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiongozwa na walimu wao, walivyochungua habari za kale za nchi ya Kilwa, na kupima ni nini kilichopatikana katika kazi hiyo na ni nini kilichosalia. Mfano wetu mkuu ni mji wa magofu wa Songo Mnara, ambao ulianza kufukuliwa kwa utaratibu mpya mwaka 2009. Pamoja na huo tutautazama uchunguzi mmoja uliotangulia, wa mwaka 1968, ambao wanafunzi wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji. Kazi moja ni ya udongo na mawe, nyingine ni ya sauti na kumbukumbu. Lakini zote mbili zimeigusa nchi ya Kilwa, na zote mbili zimetegemea mikono, macho na masikio ya vijana waliokuwa bado wanajifunza.

Jambo hili lastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kazi ya mwanafunzi ni zoezi tu: mwalimu akiisha kuisahihisha, hutiwa kabatini ikasahauliwa. Katika habari za kale za mwambao wetu sivyo. Mara nyingi maandishi ya mwanafunzi ndiyo ushahidi pekee uliobaki wa neno lililosemwa na mzee ambaye sasa ni marehemu, au wa tabaka la udongo ambalo likishaondolewa haliwezi kurudishwa mahali pake. Achimbaye magofu huyavunja yale yale anayoyasoma. Kinachobaki ni daftari lake, michoro yake na vitu alivyovitia mifukoni. Kadhalika amsikilizaye mzee huisikia habari siku ile, na pengine hatapata kuisikia tena. Daftari likiwa bovu, hasara haina fidia.

II. Mji wa Songo Mnara

Songo Mnara ni kimojawapo cha visiwa vya Kilwa, kusini ya Kilwa Kisiwani, katika Mkoa wa Lindi. Upande wa kaskazini wa kisiwa hicho pana magofu ya mji uliojengwa mwishoni mwa karne ya 14, ukakaliwa kwa muda wa karne moja na kitu, kisha ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 16. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na fremu za milango zilichongwa katika tumbawe laini ambalo hukatwa likingali bichi kutoka baharini. Ndani ya ukuta wa mji mna zaidi ya nyumba 30 za mawe, misikiti kadhaa, makaburi, na katikati mna uwanja mkubwa wa wazi. Nyumba nyingi zina ua wa ndani wenye ngazi, kumbi ndefu nyembamba zinazofuatana moja nyuma ya nyingine, na vidaka ukutani.

Ufupi wa maisha ya mji huu ndio unaoupa thamani ya pekee kwa mchunguzi. Kilwa Kisiwani watu wameishi tangu karne ya 9 au hapo karibu, na wangali wakiishi. Kila kizazi kimejenga juu ya mabaki ya kizazi kilichotangulia, na mara nyingi kimechukua mawe ya wazee wake kujengea nyumba yake. Songo Mnara haukupata marefu hayo. Nyumba zilijengwa, zikakaliwa na vizazi vichache, zikaachwa. Kwa hiyo anayefukua sakafu ya chumba pale ana tumaini la kuwaona watu wa zama moja, hali katika miji mingine mambo ya karne nyingi yamechanganyika.

Hata hivyo, kwa muda mrefu mji huu ulisomwa kwa mbali. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji wa Kisiwani na ukarimu wa sultani wake. Kitab as-Sulwa fi Akhbar Kulwa, yaani habari za Kilwa zilizoandikwa kwa Kiarabu, kinatueleza nasaba na ugomvi wa masultani. Waandishi wa Kireno nao walieleza namna Francisco d'Almeida alivyouteka mji wa Kilwa mwaka 1505. Katika maandishi hayo yote wakubwa wanasikika, lakini mpishi, mwashi, mfuma nguo na mvuvi hawasikiki. Katika karne ya 20 wataalamu walianza kazi yao katika magofu yenyewe. Neville Chittick alifukua Kilwa Kisiwani kwa miaka mingi, akachapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1974. Na Peter Garlake, katika kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya majengo ya zamani ya mwambao, aliingiza michoro ya majengo ya Songo Mnara. Kazi hizo zilikuwa msingi mwema. Lakini katika Songo Mnara kuta ndizo zilizopimwa zaidi. Sakafu, majaa na nyua zilibaki zikingoja.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliandikwa pamoja katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila ufuko na kuta zikianguka. Yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyatengeneza. Lakini bahari haisomi orodha. Ufuko unaendelea kulika pale ambapo mikoko imepungua, na mizizi ya miti inaendelea kupasua kuta. Uchunguzi wa mji huu, basi, una haraka yake.

III. Kazi iliyoanza mwaka 2009

Mwaka 2009 ulianza mpango wa kuufukua mji wa Songo Mnara chini ya uongozi wa Jeffrey Fleisher wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, na Stephanie Wynne-Jones, ambaye amefundisha katika vyuo vikuu vya Bristol na York, Uingereza. Mpango huo uliendelea katika misimu kadhaa iliyofuata. Wanafunzi wa vyuo hivyo, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifanya kazi bega kwa bega na wakazi wa kisiwa wenyewe, ambao wanaujua mji ule kwa miguu yao.

Msomaji asiyeizoea kazi hii huenda akadhani kwamba kufukua ni kutafuta hazina. Mwanafunzi afikapo jambo la kwanza analofundishwa ni kuliacha wazo hilo. Hupewa kipande cha ardhi kilichopimwa kwa kamba, na huambiwa aondoe udongo kwa mwiko kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka. Rangi ya udongo ikibadilika, au ugumu wake ukibadilika, husimama. Hupiga picha, huchora, hupima kina, na tabaka jipya hupewa nambari yake. Udongo hupitishwa katika chekeche ili kigae kidogo, ushanga au mfupa wa samaki usipotee. Udongo mwingine hutiwa majini ili mbegu zilizoungua zielee juu. Mwingine huchukuliwa kwa kipimo kidogo tu na kutazamwa kwa darubini, kwa maana mimea mingi ikioza huacha chembe ngumu mfano wa kioo, na chembe hizo humwonyesha mtaalamu ni mimea ya namna gani iliyokuwapo mahali pale. Kila kitu hutiwa mfukoni na kuandikiwa mahali kilikotoka. Mfuko usioandikwa hauna maana hata ukijaa dhahabu.

Sababu ya uangalifu huu itaonekana waziwazi tukizitazama sarafu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yanayofuata vina vya jina lile. Ni sarafu nzuri, na watu wengi wamezikusanya. John Walker aliandika juu yake mwaka 1936, na baada yake G. S. P. Freeman-Grenville akazipanga kwa aina. Lakini sarafu hizo za shaba hazikutiwa mwaka, na nyingi zilizomo katika majumba ya makumbusho ziliokotwa ufukoni au kununuliwa kwa watu, bila ya kujulikana zilikuwa pamoja na nini. Ikiwa hatujui sarafu ilikuwa katika tabaka gani, hatuwezi kujua ilitumika lini wala ilitumiwaje.

Katika Songo Mnara paligunduliwa akiba ya sarafu za shaba zaidi ya 300 zilizowekwa pamoja, mahali palipopimwa na kuandikwa barabara. Habari zake zilichapishwa mwaka 2014 na John Perkins pamoja na viongozi wawili wa mpango. Perkins alikuwa amezichungua sarafu za mwambao huu kwa ajili ya shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Bristol. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza akiba ya sarafu za namna ya Kilwa kupatikana mahali ambapo hali yake yote ilijulikana, na kwa hiyo ilisaidia kupanga aina za sarafu na nyakati zake. Sarafu nyingine zilionekana mahali pa makaburi, pamoja na vijiwe vyeupe, dalili kwamba walio hai walikuwa wakiwazuru wafu wao na kuwawekea kitu.

Linganisha na jambo lililotokea mbali sana na kwetu. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliyewekwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo, aliokota mchangani sarafu 9. Nne zilikuwa za Kiholanzi, na tano zilikuwa za Kilwa. Tangu habari hiyo ilipojulikana watu wamebuni mengi juu ya namna sarafu za Kilwa zilivyofika huko. Lakini aliyeziokota hakuwa mchunguzi, na alama aliyoitia katika ramani haiwezi kutuambia sarafu zile zilikuwa katika udongo gani wala karibu na kitu gani. Sarafu ni zile zile za Kilwa: zile za Songo Mnara zimekuwa elimu, zile za Wessel zimebaki kitendawili. Kilichozitofautisha ni daftari.

Matokeo ya pili ya kazi hii yahusu nyumba. Kwa muda mrefu wataalamu walizieleza nyumba za mawe za zamani kwa kufuata mfano wa nyumba za Lamu za karne ya 18, ambazo vyumba vyake vya ndani vilikuwa vya sitara, kila hatua kwenda ndani ikiwa hatua ya kuingia katika faragha ya wenye nyumba. Lakini Lamu ya karne ya 18 si Songo Mnara ya karne ya 15. Sakafu zilipofukuliwa chumba kwa chumba, na udongo wake kupimwa, ilionekana kwamba katika nyumba hizi watu walifanya kazi na biashara, na wageni waliingia. Mwaka 2013 Wynne-Jones aliandika kwamba nyumba ya mawe ya zama hizo ilikuwa na maisha ya hadharani pia. Wazo hilo halikupatikana kwa kuzitazama kuta, ambazo kila mtu alikwisha kuziona. Lilipatikana kwa kukusanya vigae, shanga na mavumbi ya kila pembe ya chumba, kazi ya siku nyingi ambayo wanafunzi ndio huibeba kwa sehemu kubwa.

Matokeo ya tatu yahusu mahali palipodhaniwa kuwa patupu. Ardhi isiyo na kuta ilipimwa kwa vyombo vinavyoonyesha mabadiliko ya nguvu za sumaku katika udongo, kisha ikachimbwa mashimo ya majaribio. Hapo zilionekana dalili za nyumba za miti na udongo. Basi mji haukuwa wa watu wa nyumba za mawe peke yao. Mtu apitaye leo huona mawe akadhani ameuona mji. Kumbe wako waliojenga kwa boriti na fito, ambao nyumba zao zimelala chini ya majani.

IV. Kazi ya mwaka 1968

Sasa yatupasa kurudi nyuma miaka arobaini na zaidi, na kutoka kisiwani kwenda bara ya nchi hiyo hiyo ya Kilwa. Vita vya Maji Maji vilianza mwezi wa Julai 1905 huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu walipong'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima na Wadachi. Kinjikitile Ngwale, aliyetoa maji yaliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi, alikaa Ngarambe, akanyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Vita vikaenea kusini yote ya nchi, havikuisha mpaka mwaka 1907.

Kwa miaka sitini habari za vita hivi zilisomwa zaidi katika taarifa za maofisa wa Kijerumani. Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, iliona kwamba habari hizo zilikuwa za upande mmoja. Kwa hiyo mwaka 1968, chini ya uongozi wa John Iliffe na Gilbert Gwassa, wanafunzi walipelekwa katika wilaya zilizopigana ili wawaulize wazee. Hesabu yenyewe inaonyesha haraka ya kazi ile. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati mipamba iling'olewa alikuwa na miaka 73 mwaka 1968. Kama kazi ile ingengoja miaka kumi na mitano tu, walioyaona mambo kwa macho yao wangekuwa wamekwisha.

Mwaka 1969 taarifa za wanafunzi zilikusanywa pamoja na kutolewa na chuo. Gwassa mwenyewe aliendelea na uchunguzi huo mpaka akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973. Hapa tunauona uongozi wa kielimu katika sura yake bora: mwalimu hakukaa ofisini akingoja taarifa, yeye naye alikuwa akienda vijijini, akiuliza, akirekebisha maswali yake kwa majibu aliyoyapata, na wanafunzi wake wakijifunza kwa kumfuata.

V. Faida ya uongozi, na hatari yake

Tukizilinganisha kazi hizi mbili tutaona kwamba mwalimu humpa mwanafunzi vitu vitatu. Kwanza humpa swali lenye mipaka. Mwanafunzi akiachwa peke yake hutaka kuandika historia yote ya Kilwa. Mwalimu humwambia aangalie chumba kimoja, au kijiji kimoja, au aina moja ya sarafu. Pili humpa utaratibu wa kuandika, ili mtu mwingine aweze kuihakikisha kazi yake. Tatu humfungulia milango: barua ya idhini, utambulisho kwa wenye mji, na mahali pa kuchapisha.

Lakini swali la mwalimu ni kama taa. Humulika mbele yake na kuacha giza pembeni. Katika miaka ya 1960 nchi ilikuwa imepata uhuru juzi, na wanahistoria wa Dar es Salaam walitaka kujua namna watu wa makabila mbalimbali, wasio na mtawala mmoja, walivyoungana kupigana na mgeni. Makala ya Iliffe ya mwaka 1967 ilihusu utaratibu wa vita hivyo. Lilikuwa swali kubwa na la haki. Hata hivyo, mwanafunzi aliyekwenda kijijini akiwa na swali la umoja aliweza kuondoka na jibu la umoja, na mzee aliyetaka kusema juu ya njaa, nguruwe waliokula mashamba, ugomvi wa jirani na jirani, au kazi zilizowaangukia wanawake, pengine aliandikwa kwa ufupi tu.

Wanahistoria waliofuata waliliona jambo hili. Thaddeus Sunseri, Jamie Monson na wengineo, tangu miaka ya 1990, walieleza kwamba katika kila nchi vita vilikuwa na sababu zake za pale pale, na mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walitoa kitabu kizima cha kuzipitia upya habari za Maji Maji. Lililo muhimu kwetu ni kwamba waliobishana na maoni ya mwaka 1968 waliweza kuyarudia maandishi yale yale ya wanafunzi. Walikuta humo mambo ambayo waandishi wake wenyewe hawakuyatilia uzito. Kama wanafunzi wale wangeandika maoni ya mwalimu tu, na kuacha maneno ya wazee, maandishi yao yangezeeka pamoja na maoni hayo. Kwa kuwa waliyaandika maneno, kazi yao ingali hai baada ya zaidi ya nusu karne.

Haya ndiyo mafunzo makubwa, na sheria yake ni ile ile katika udongo. Fasiri ya nyumba ya Songo Mnara huenda ikabadilika kesho. Wachunguzi wa miaka ijayo watakuwa na maswali yao. Lakini ikiwa tabaka liliandikwa sawasawa, na kila kigae kilitiwa katika mfuko wake, wataweza kuuliza maswali hayo bila ya kuchimba tena. Mwanafunzi mwema, basi, huandika zaidi ya anavyoulizwa. Na mwalimu mwema humfundisha kuyatunza hata yale yasiyokubaliana na mwalimu.

VI. Juu ya lugha, na juu ya marejeo

Jambo la mwisho lahusu taasisi kama hii yetu kuliko mengine yote. Katika kazi hizi mbili lugha iliyosemwa kijijini ilikuwa Kiswahili, au lugha ya nchi pamoja na Kiswahili. Lakini taarifa za 1969 ziliandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, na makala ya wataalamu juu ya Songo Mnara yametoka katika majarida ya Kiingereza. Hatulaumu, elimu ina masoko yake, na mtaalamu hana budi kusikika na wenzake wa dunia nzima. Lakini habari ikitoka kijijini kwa Kiswahili ikaingia katika Kiingereza, hubadilika njiani, na mara nyingi hairudi.

Kinachopotea kwanza ni maneno yenyewe. Mwashi wa Kilwa anayetengeneza ukuta uliopasuka hutumia jina moja kwa tumbawe gumu la kujengea na jina jingine kwa lile laini la kuchongea. Ana maneno ya hatua za kuchoma chokaa, ya namna ya kupanga boriti za dari, ya sehemu za mlango. Mvuvi ana majina ya samaki ambao mifupa yao imejaa katika majaa ya mji. Mwanafunzi afanyaye kazi karibu na watu hawa kwa msimu mzima, akarudi chuoni bila ya orodha ya maneno yao, ameacha nyuma nusu ya mavuno. Na maneno hayo si ya kamusi tu: mtu ajuaye tofauti ya aina za mawe katika lugha ya waashi huuona ukuta kwa macho mengine.

Kinachopotea pili ni haki ya wenyeji kuzisoma habari zao na kuzipinga wakiona zimekosewa. Waingereza na Wajerumani wa zamani waliokusanya maandishi ya mwambao, pamoja na makosa yao, walichapa Kiswahili chenyewe. Carl Velten aliwaachia wasomaji habari za miji ya pwani katika lugha ya waliozitoa. Mwaka 1957 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoitangulia taasisi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, ilichapisha Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, hivi kwamba msomaji aliweza kuyaona maneno ya mtunzi na kuyapima mwenyewe. Na mwaka ule ule wa 1969 ambao taarifa za wanafunzi zilitolewa kwa wachache, ilichapishwa tamthilia ya Kiswahili, Kinjeketile, ya Ebrahim Hussein. Tamthilia si historia, wala mtunzi hakudai hivyo. Lakini vizazi vya wanafunzi wa shule wameijua habari ya Maji Maji kwa njia yake, na si kwa njia ya taarifa zilizofungwa maktabani. Habari iliyopewa lugha ya watu ilitembea; nyingine ilikaa.

Wazee wa pwani husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Uchunguzi wa wanafunzi hauna budi kuwa na ngama yake. Kwa maoni yetu, kila taarifa ya msimu wa Songo Mnara, na kila mkusanyo wa maneno ya wazee wa Kilwa, yafaa uwe na muhtasari wa Kiswahili safi usiopungua kurasa kumi, wenye ramani na picha, ukawekwa katika shule ya kijiji na katika ofisi ya magofu. Yafaa mwanafunzi mwenyewe auandike, na mwalimu ausahihishe kwa uangalifu ule ule autumiao kwa makala ya Kiingereza. Yafaa pia asome muhtasari huo mbele ya wenye mji kabla haujachapishwa, kwa maana wao ndio wawezao kumwambia kwamba jina la mahali limeandikwa vibaya, au kwamba kisima anachokiita cha zamani kilichimbwa na babu ya fulani.

VII. Mwisho

Tumeona kwamba kazi ya mwanafunzi, ikiongozwa vema, si zoezi la darasani. Taarifa za mwaka 1968 zimewasaidia hata wale waliozikosoa. Sarafu zaidi ya 300 za Songo Mnara zimefundisha yale ambayo sarafu nyingi zilizokusanywa bila ya mpango hazikuweza kufundisha. Katika mambo yote mawili fahari haikuwa ya kugundua. Ilikuwa ya kuandika sawasawa.

Kazi iliyobaki ni nyingi. Sehemu kubwa ya Songo Mnara haijafukuliwa, na si lazima ifukuliwe yote. Wachunguzi wenye busara huwaachia wajao sehemu yao. Wazee walioiona 1905 wamekwisha, lakini wako wengine ambao wangali wanakumbuka mambo mengine: kuchoma chokaa kwa njia ya zamani, biashara ya majahazi kati ya Kilwa na Unguja, kuhamia vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970, na kazi ya waashi waliozitengeneza kuta za magofu. Wao nao wanazeeka. Mwalimu anayemtuma mwanafunzi mwaka huu kwenda kukaa nao, na kumtaka arudi na maneno yao kama walivyoyasema, na kisha kumrudisha kwao na kitabu mkononi, atakuwa ameuongezea mwambao huu kitu ambacho bahari haitakila.